Kamba Yenye Uzi Mwekundu

Tangu utotoni walimwita Mkia. Jina hilo alipewa na kaka yake mwenyewe, kwa sababu kila kaka alikokwenda, yeye alikuwa hatua tatu nyuma. Kaka alipojifunza kuendesha, Mkia alijifunza kuosha magari. Kaka alipopata pikapu na kuanza kazi ya kunasua magari yaliyozama kwenye matope, Mkia akawa mtu wa kamba, usukani akiushika siku moja moja tu. Kaka mtu walimwita Ng'oa, maana hakuna gari lililowahi kumshinda kuling'oa, na wapenda utani walipowaona barabarani walisema, "Ng'oa huyo anapita na mkia wake." Mkia hakuchukia. Wako walioumbwa kutangulia na wako walioumbwa kufuata, na yeye alimshukuru Mungu kwamba aliyekuwa anamfuata alikuwa mtu mwema.

Sasa Ng'oa yuko kaburini wiki ya saba, Mungu amlaze pema, na Mkia hana wa kumfuata.

Asubuhi hiyo shemeji yake, mjane wa marehemu, alimwita chumba cha mbele. Shemeji alikuwa mshonaji wa vitambaa vya viti vya magari. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha, na kupitia dirisha hilo pikapu ilionekana imeegeshwa chini ya paa la bati, kioo chake cha nyuma kimezibwa kwa karatasi ya nailoni. Nyuma ya mlango lilining'inia koti zito la marehemu. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuliondoa.

"Kaa, shemeji," alisema bila kuinua macho kwenye mshono. "Mvua imeanza. Jana wamekuja watu wawili kuulizia kama bado tunanasua. Leo asubuhi amekuja mwingine, huyo anataka kununua gari."

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia wangoje. Gari nitaliuza au nitakukabidhi wewe. Sijui bado." Akakata uzi kwa meno. "Nenda kwa Mama Kamba. Kachague kamba ya kunasulia. Chagua mwenyewe, kwa akili yako. Ukirudi nayo, nieleze kwa nini umechagua hiyo ukaacha nyingine. Nikishasikia, nitajua la kufanya."

Mkia alifungua mdomo aseme, "Kamba si tunayo, shemeji?" Akaufunga. Hilo lilikuwa swali ambalo kwa wiki saba alikuwa akilikwepa kama mtu anavyokwepa shimo mlangoni kwake.

Ng'oa alikuwa na kamba mbili, zote nyeusi, zote unene wa vidole viwili, zote alizinunua duka moja, la Mama Kamba. Ya kwanza ilikuwa ya nailoni, ya kuvutika. Ukiifunga kati ya magari mawili, gari la mbele likaondoka kwa mwendo, kamba hiyo hurefuka kama mpira, kisha hutaka kurudi urefu wake, na katika kurudi huko hulichomoa gari lililonasa taratibu, kama mtu anavyochomoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Ya pili ilikuwa kavu. Haikuvutika. Kazi yake ilikuwa kuburuta gari bovu barabarani, na hata hapo sharti uondoke polepole mpaka ikaze kwanza. Ukiondoka nayo kwa mwendo, nguvu yote hufika kwa mpigo mmoja, kama nyundo, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachong'oka.

Zikishapata tope, kamba hizo mbili zilikuwa pacha. Ndiyo maana shemeji aliishonea ile ya kuvutika uzi mwekundu wa turubai penye kitanzi cha mwisho, mishono saba, ili hata gizani mkono uutambue.

Na Ng'oa alikuwa na desturi zake. Kabla ya kuvuta gari lolote aliipitisha kamba yote katika viganja vitupu, macho ameyafumba, akitafuta uzi uliokatika au mchanga uliojificha ndani, kutoka mwisho huu mpaka afike kwenye ile mishono. Hapo ndipo alipofumbua macho. Kisha alitandika koti lake zito katikati ya kamba, ili ikikatika isiruke juu. Kisha alifukuza watu wakae mbali, urefu wa kamba mara moja na nusu. "Mungu analinda," alikuwa akiwaambia, "lakini hakusema msimame njiani." Halafu sala fupi, midomo tu ikicheza, ndipo akapanda garini. Jioni kamba ilioshwa kwa maji matupu kwenye karai na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua hula nailoni na mchanga huikata kutoka ndani. Kazi hiyo ya kuosha na kuanika ilikuwa ya mkewe.

Siku ile, siku ya mwisho, kamba yenye uzi mwekundu ilikuwa imeanikwa nyuma ya nyumba. Ng'oa alisema, "Mkia, pakia kamba," na Mkia akaokota kamba nyeusi iliyokuwa kwenye kona ya banda akaitupa nyuma ya pikapu. Hakuangalia. Miaka kumi na sita ya kazi ilikuwa imemfundisha kutoangalia.

Walikwenda mwendo wa saa nzima mpaka kwenye bonde ambako barabara hupita katikati ya mabwawa mawili. Kilori cha maji kilikuwa kimezama hapo tangu jana yake, kimekaa kwa tumbo kama kuku anayeatamia. Dereva wake alishalifungulia tangi likamwagika lote, apunguze uzito. Ng'oa alikuwa amekatwa na bati kwenye kiganja, mkono umefungwa kitambaa. Akamwambia mdogo wake, "Leo ipitishe wewe."

Mkia akafumba macho akaipitisha. Kamba ilikuwa nzima, haina mchubuko. Alifika mwisho wake, vidole vikatafuta mishono saba, visiione. Akaendelea kufumba macho. Katika giza lile dogo alilojitengenezea alifikiri mambo mengi kwa haraka: saa moja ya kurudi nyumbani na saa nyingine ya kuja, wingu lililokuwa linajikusanya, dereva aliyelala kwenye kiti usiku mzima. Alifikiri pia jinsi kaka angemwambia mbele ya mtu, "Wewe Mkia, Mungu alikupa macho ya mapambo." Kamba ni imara, alijiambia. Itashika.

Ng'oa alitoa kichwa dirishani. "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," Mkia akajibu.

Kaka hakushuka kuangalia. Hakuwa na sababu ya kushuka. Alirudisha gari nyuma kidogo kamba ilegee, kama inavyotakiwa kwa kamba ya kuvutika, akaondoka kwa mwendo.

Kamba haikukatika. Kilichong'oka ni ndoano ya kilori, chuma cha uzito wa tofali. Ilifuata kamba kurudi, ikapita kwenye kioo cha nyuma cha pikapu. Koti zito lilirushwa mpaka kwenye majani, wakalikuta baadaye halina hata doa. Ilimpiga Ng'oa kisogoni. Kazi yake duniani ilikuwa imekwisha, na mguu wake ulikuwa bado uko juu ya pedali ya mafuta, gari likinguruma mahali pamoja mpaka Mkia alipofika akalizima.

Waliokuja waliitazama ndoano, wakaona kutu iliyoila nusu. Basi ikawa kosa la kutu. Dereva wa kilori mwenyewe aliishika mikononi akawa anarudia, "Chuma changu. Ni chuma changu." Kwenye maziko alikaa langoni juu ya tofali, peke yake, na wagawaji maji walipopita na bilauri walimruka kama vile tofali lile halina mtu. Kiongozi wa sala alisema ajali haina kinga, na katika wote walioitikia, sauti ya Mkia ndiyo iliyokuwa kubwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkia aliutazama mzigo wake umebebwa na mtu mwingine pale langoni, na hakuinuka kwenda kumpokea.

Baada ya maziko alikwenda nyuma ya nyumba kuiondoa ile kamba yenye uzi mwekundu kabla mtu hajaiona na kujiuliza ilikuwaje ikawa pale. Hakuikuta. Palikuwa na waya mtupu na vibanio viwili. Tangu siku hiyo alikuwa haishi bali anasubiri. Kila aliyemtazama kwa zaidi ya pumzi moja, alimdhania kuwa ndiye aliyeichukua.

Duka la Mama Kamba lilikuwa refu na jembamba kama kamba zenyewe, na lilinuka nailoni mpya na mafuta ya taa. Mwenye duka, mama wa makamo, mnene, miwani yake imefungwa shingoni kwa uzi wa kuvulia samaki, alikuwa amekalia roda tupu, gurudumu la mbao la kuzungushia waya, kama kiti cha enzi. Mteja mmoja alikuwa anabishana naye kuhusu kamba ya manjano.

"Hii nataka nivutie trekta," mteja alisema.

"Hiyo ni ya kufungia mbuzi, baba. Na awe mbuzi mpole." Akamwona Mkia mlangoni, uso ukabadilika. "Mwanangu. Pole tena. Nyumbani wanaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu, mama."

Yule mteja alipoondoka na kamba yake ya mbuzi, kwa ukaidi tu, Mkia alieleza alichotumwa. Mama Kamba hakuinuka.

"Chagua basi. Ziko hapo ukutani. Mimi nitakuangalia."

Mkia alianza na ile nene kuliko zote, unene wa mkono. Ilikuwa nzuri kutazama. Aliipima kiganjani, akaiacha.

"Mbona umeiacha? Hiyo inavuta lori zima."

"Gari letu ni tani mbili na nusu, mama. Hii nene hivi haitavutika kwa gari jepesi. Itakuwa kama fimbo."

"Enhe. Wengi huchagua kamba kama wasichana wanavyochagua mume, wanaangalia mabega." Akacheka kidogo, akaacha. Halikuwa duka la kucheka siku hiyo. "Endelea."

Aliugusa waya wa chuma, akaondoa mkono upesi. Waya ukikatika unarudi kama upanga, hauulizi. Alipita kamba mbili za vitanzi vilivyofungwa fundo, kwa sababu fundo hupunguza nguvu ya kamba karibu nusu. Kaka alikuwa akisema, fundo ni ugomvi wa kamba na nafsi yake. Zikabaki mbili nyeusi, unene wa vidole viwili, vitanzi vyake vimesukwa ndani kwa ndani na kuvikwa ngozi. Zote zilikuwa na karatasi inayosema zinahimili mara tatu ya uzito wa pikapu. Kwa macho, zilikuwa zile zile za nyumbani.

"Nipe uzi mmojammoja kutoka kwenye vipande vya kila moja," Mkia alisema.

Mama Kamba alimtazama, kisha akainuka, akatoa vipande kwenye sanduku, akachomoa nyuzi mbili. Mkia alizitundika kwenye misumari miwili ukutani, akaufungia kila mmoja jiwe lenye uzito sawa, akapiga alama kwa penseli pale mawe yalipoishia. Jiwe la kwanza lilitulia pale pale. La pili lilishuka, na alipolishika juu kidogo na kuliachia, likashuka upana wa kidole likarudi, likashuka likarudi.

"Marehemu alikuwa anafanya hivyo hivyo," Mama Kamba alisema. "Alama zake za penseli hizo hapo, sijazipaka rangi." Akayatazama mawe. "Mwanangu, nilisikia kilichong'oka ni ndoano."

"Ndiyo, mama."

"Kamba haikukatika?"

"Haikukatika."

"Ilikuwa ipi? Ya kuvutika, au kavu?"

Jiwe la pili lilikuwa bado linacheza kwenye uzi wake. Mkia alitaka kusema lile jibu lake la zamani. Maneno yalikuwepo tayari mdomoni, mawili tu, yamelainika kwa kutumiwa.

"Kavu," alisema. "Niliipakia mimi. Niliijua kabla hajaondoka, nikamwambia ndiyo yenyewe."

Mama Kamba alirudi kwenye roda yake akakaa. Alivaa miwani, akaivua tena.

"Wiki saba," alisema, "nimekuwa nikilala na kuamka najiuliza kama nilimuuzia marehemu nailoni mbovu. Nimefungua marobota yote yaliyo stoo. Wiki saba." Hakupandisha sauti. "Shemeji yako anajua?"

"Hajui."

"Basi hukuja kununua kamba. Ulikuja kununua ujasiri, na huo siuzi." Akaifunga ile kamba ya kuvutika kwenye karatasi, akampa. "Nenda. Na mawe yangu yarudishe chini ya meza."

Njiani mvua ilimnyeshea na hakukimbia. Ilikuwa mvua nyembamba, ya kuudhi, isiyo na radi wala haraka. Alipofika aliivua ile karatasi iliyolowa, akaweka kamba juu ya meza mbele ya shemeji, akasimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Nieleze," shemeji alisema. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani.

Mkia akaeleza. Alieleza uzito wa gari, na kwa nini nene mno ni kosa sawasawa na nyembamba mno. Alieleza fundo, na waya, na mawe ukutani. Alieleza kwamba vitanzi vitaunganishwa kwa pete za kamba na si pingu za chuma, ili kusiwe na chuma cha ziada cha kuruka. Alieleza vizuri. Kaka yake angefurahi. Alipofika mwisho, cherehani ilikuwa bado inakwenda.

"Umemaliza?"

"Bado, shemeji."

Alisema yaliyobaki bila kupumzika, kona ya banda, kiganja kilichofungwa kitambaa, macho aliyoyafumba, swali la dirishani na jibu. Alisema na habari ya dereva pale langoni, na jinsi yeye Mkia alivyomwona akirukwa na bilauri na asiseme kitu. Hakujitetea. Katikati ya maneno yake cherehani ilinyamaza, na hakujua ni wakati gani.

Shemeji aliinuka, akaingia chumba cha ndani. Mkia alisikia sanduku likiburutwa kutoka mvunguni. Aliporudi alikuwa amekumbatia kamba nyeusi, kavu, safi, imekunjwa kwa mikunjo sawasawa, na kwenye kitanzi chake mishono saba myekundu.

"Niliianua mwenyewe," alisema. "Mvua ilipoanza siku ile nilitoka mbio niianue isilowe. Nilikuwa bado nayo mkononi simu ilipolia. Wakaniambia, mumeo, walikuwa wanavuta gari, kamba... Nikaitazama mkononi mwangu. Nikasema, kamba gani?"

Mkia alitafuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Ulijua. Siku zote hizi ulijua."

"Nilijua kamba ya kuvutika ilikuwa hapa. Sikujua kama ulikosea tu, au ulijua ukanyamaza. Sasa najua."

"Kwa nini hukuniuliza, shemeji?"

"Ningekuuliza, ungejibu. Kujibu si kukiri." Alikaa, kamba mapajani kama mtoto mgonjwa. "Wiki saba nimekupakulia chakula. Nimekaa hapo mkabala nikiutazama mdomo wako unatafuna, nasema leo utafunguka. Haukufunguka. Jana nikasema, kama akirudi na kamba akanieleza habari za unene na urefu peke yake, gari nauza, naye aende zake, Mungu atatuhukumu sote wawili."

Nje bati la banda lilikuwa linalia kwa mvua. Mkia alilia pia, kimyakimya, bila kujifuta.

"Nisamehe, shemeji."

"Kila siku nasali," alisema, "na kila nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nakwama. Nainuka, naenda kuosha vyombo. Mungu pengine ameshakusamehe, Yeye hachelewi. Mimi mwenzako ni mwanadamu, sijafika. Nisikudanganye. Katika nyumba hii uongo umetosha."

Alifungua mtoto wa meza, akatoa sindano kubwa ya turubai na kibonge cha uzi mwekundu, akavisukuma mbele ya Mkia.

"Hiyo mpya ishone mwenyewe."

"Sijui kushona."

"Najua hujui."

Ilimchukua muda mrefu. Nailoni iliyosukwa ni ngumu, na sindano ilimchoma kidole mara tatu. Mishono yake ilikwenda kombo, mmoja mrefu mmoja mfupi, kama meno ya mzee. Shemeji alihesabu kwa macho mpaka saba. Ile ya zamani aliirudisha sandukuni. Haitavuta tena gari la mtu, alisema. Wala hakusema ataiweka kwa ajili gani.

Alikuwa bado anasukuma sanduku mvunguni jirani wa ng'ambo alipogonga mlango kuomba kiberiti, na pamoja na kiberiti akaleta habari. Kilori cha maji kimezama tena kwenye lile bonde tangu asubuhi, na dereva anachimba peke yake. Watu wamemshauri apige simu huku, naye kasema afadhali akichimbue kwa kijiko kuliko kupiga simu kwenye nyumba hii.

Jirani alipoondoka shemeji alifunga mlango. Kisha alilishusha lile koti zito kutoka kwenye msumari, akalikung'uta vumbi la wiki saba, akamtupia. Funguo za gari zilikuwa mfukoni mwa koti.

"Nenda ukamnasue. Na yule umwambie kabla hujafunga kamba, si baada."

Bonde lilikuwa lile lile. Dereva wa kilori, mtu mrefu ambaye mabega yake yalikuwa yameshuka tangu maziko, aliiona pikapu ikija akaacha kuchimba. Alishika koleo kwa mikono miwili.

"Sikukuita," alisema.

"Najua hukuniita, ndugu. Nimekuja kukuambia neno. Ukitaka, nikishasema nitaondoka."

Mkia alilisema akiwa amesimama kwenye tope, kofia mkononi. Safari hii maneno yalikuwa machache zaidi, kwa sababu huyu alikuwepo na aliona yote isipokuwa lile moja. Dereva alisikiliza mpaka mwisho. Akalichoma koleo kwenye tope, akaenda kando, akakaa juu ya gurudumu la akiba akiwapa mgongo Mkia na kilori.

"Ile ndoano ninayo," alisema. "Nimeiweka juu ya kabati. Mke wangu kanisihi niitupe, nikakataa. Nasema usingizini, ananiambia. Naomba radhi. Kila usiku naomba radhi." Akageuka. "Nilikuwa namwomba radhi nani?"

Mkia alipiga hatua moja kwenye tope kumwelekea.

"Kutu ilikuwepo," dereva alisema, kama anayejihesabia haki na kujihukumu kwa wakati mmoja. "Hilo ni kweli. Kutu ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Lakini ilikuwa inadaiwa kosa lote, na kosa si lake lote."

Mvua ilipungua ikawa umande. Dereva aliinuka, akaenda nyuma ya kilori, akalifungua bomba la tangi. Maji masafi yakamwagika juu ya tope kwa sauti ya mtu anayeoga. Hakusema kama anakubali. Alipunguza uzito tu, kama fundi yeyote angefanya. Mbele ya kilori kulikuwa na ndoano mpya, imechomelewa kwa unene wa kupita kiasi, mabonge ya chuma pande zote, kazi ya mtu aliyekuwa na hofu.

Mkia alishusha kamba. Aliishika mwanzo wake, akafumba macho, kisha akafumbua.

"Ipitishe wewe," alimwambia dereva, akamkabidhi.

Dereva aliipokea kwa mashaka. Aliipitisha viganjani polepole, pima kwa pima, kama alivyomwona marehemu akifanya mara nyingi kwenye bonde lile. Alifika kwenye kitanzi, kidole gumba kikakuta ile mishono iliyokwenda kombo, kikakaa hapo.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo yenyewe," Mkia alisema.

Walifunga. Koti likatandikwa katikati. Dereva alipanda kwenye kilori, na Mkia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikaa kwenye usukani kuvuta gari, kioo kilichotobolewa kikiwa nyuma yake, midomo ikicheza. Kamba ilirefuka, ikarefuka, mpaka akadhani haitarudi. Kisha kilori kilianza kusogea, kikatoka topeni bila kishindo.

Dereva alifungua kamba mwenyewe, akaikunja, akaiweka nyuma ya pikapu. Hakumpa mkono. Aliondoka bila kupiga honi, lakini kwa barabara ya kawaida inayopita mbele ya nyumba ya kina Ng'oa, ile aliyokuwa ameiacha kwa wiki saba.

Jioni Mkia alipofika nyumbani na kamba iliyojaa tope, alikuta karai la maji matupu limewekwa nje ya mlango, na mlango umefungwa. Akaitia kamba kwenye maji, akaanza kuiosha.